Vieno Alatörmä na Sakafu ya Dansi ya Hirviniva

Leo, Jumamosi tarehe 13 Novemba 1999, ndugu, majirani na marafiki wamekusanyika kumsindikiza Vieno Kreeta Alatörmä, aliyeishi katika dunia hii miaka sabini na minane na miezi tisa. Haya ndiyo maisha yake, kwa kadiri familia inavyoyajua, na kwa kadiri yeye mwenyewe alivyokubali yasimuliwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1921 katika nyumba ya Juopperi, kijijini Hirviniva, ukingoni mwa mto Ounasjoki, akiwa mtoto wa kwanza wa Antti Juopperi na mkewe Kreeta. Siku hiyo baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mkunga alifika nyusi zake zimeganda, ikabidi akae kwanza karibu na jiko mpaka vidole vyake viweze kukunjika. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, Lyyli. Wengine wawili waliozaliwa kati yao hawakumaliza hata mwaka.

Alianza shule ya msingi vuli ya mwaka 1928, akasoma majira sita ya baridi. Shule ilikuwa kilomita saba kutoka nyumbani, na alikwenda kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Lyyli alipofikia umri wa kusoma hawakuwa na jozi ya pili, kwa hiyo mdogo alisimama nyuma ya dada yake juu ya skii zilezile, mikono kiunoni, wakaenda hivyo mwaka mzima. Walipoanguka, walianguka wote. Mwalimu aliandika kwenye cheti cha mwisho cha Vieno kwamba ana mwandiko mzuri na kicheko kisichodhibitika. Mwandiko ulimfaa. Tangu akiwa na miaka kumi na minne, wazee wa kijiji walimjia awaandikie barua.

Kuanzia mwaka 1938 alikamua ng'ombe na kupika katika nyumba ya mchungaji wa kanisa. Kazi hiyo ilikatizwa na vita. Tarehe 20 Septemba 1944 kijiji kizima kiliamriwa kuondoka, kwa kuwa askari wa Kijerumani, waliokuwa wamekaa miongoni mwao miaka mitatu kama marafiki, sasa walikuwa maadui, nao walikuwa wakirudi nyuma kuelekea kaskazini na kuchoma kila walichokiacha. Familia ya Juopperi ilitembea na ng'ombe wawili hadi mpakani, ikavuka kuingia Uswidi. Huko, tarehe 14 Januari 1945, Mama Kreeta alifariki kwa homa ya mapafu, akazikwa katika udongo wa wenyeji.

Walirejea Hirviniva Jumatatu, tarehe 11 Juni 1945. Nyumba thelathini na mbili zilikuwa zimebaki mabomba ya moshi tu, yamesimama juu ya majivu. Katika boma la Juopperi kitu kimoja tu kilikuwa kizima: sauna, kile chumba chao cha kuogea kwa mvuke, kule chini kando ya mto. Kuta zake zilikuwa zimesimama, paa lipo, hata kuni zimepangwa mlangoni kana kwamba kuna mtu amewaandalia. Mzee Antti alivua kofia. Lyyli, aliyekuwa na miaka ishirini, alisema, "Angalau tutaoga, dada," akashuka mteremko mbio. Aliuvuta mlango. Bomu lililotegwa nyuma ya mlango huo lilimuua papo hapo.

Vieno hakulizungumzia jambo hilo mara nyingi. Lakini waliomjua wanajua kwamba tangu siku hiyo hakukiamini kitu chochote alichokikuta kizima. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kikombe kisicho na ufa, uzio usioanguka, njia iliyonyooka, vyote vilimfanya asimame kwanza na kuvitazama. Hata uzeeni hakufungua mlango wa nyumba ngeni kabla mwenyeji hajaufungua yeye.

Siku tatu baada ya mazishi ya Lyyli kiliwasili kikosi cha wategua mabomu. Miongoni mwao alikuwamo Oiva Alatörmä, mzaliwa wa pwani ya Kemi, mwenye miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye maneno machache. Kazi yake ilikuwa kutambaa kwa magoti na kuchoma ardhi kwa fimbo ya chuma, shubiri kwa shubiri, kwa sababu mabomu mengi yalikuwa ya masanduku ya mbao, na mashine ya kutafutia chuma iliyapita bila kuyasikia. Kiangazi kile chote Vieno alimsikia akisema maneno mawili tu.

"Usipite hapo," alimwambia alipokwenda kisimani.

"Usipite hapo," alimwambia alipokwenda kumtafuta ng'ombe.

Mara ya tatu Vieno aliweka ndoo chini. "Wewe mwanaume, mama yako hakukufundisha neno jingine?"

"Alinifundisha," Oiva akajibu, bado yupo magotini. "Lakini hilo litakungoja upite huku, kwenye usalama."

Alipita huku. Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 24 Machi 1946, katika banda la mbao, maana kanisa nalo lilikuwa jivu. Bibi harusi alivaa gauni la kitambaa cha parachuti, na karamu ilikuwa supu ya samoni na mkate mweusi. Oiva aliacha jeshi, akabaki Hirviniva, na kikosi kilipoondoka yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kila mtu alipotaka kuchimba shimo.

Ni vigumu kuwaeleza vijana kijiji kilikuwaje wakati ule. Watu waliishi katika mahandaki yaliyoezekwa udongo, na walipita kwenye vijia vilivyowekewa vijiti pande zote mbili. Mwezi wa Agosti vinamasi viligeuka rangi ya chungwa kwa hilla zilizoiva, na matunda yale yakaozea pale pale, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuyafuata. Watoto wadogo walifungwa kamba kiunoni, ncha ya pili ikafungwa mlangoni. Kila baada ya wiki mbili tatu ulisikika mshindo kutoka msituni. Mikono yote ilisimama. Mara nyingi alikuwa mnyama.

Katika hali hiyo ndipo Vieno alipotaka sakafu ya dansi. Alilisema kwenye mkutano wa kijiji, majira ya kuchipua ya mwaka 1946, wakati wanaume wakipanga zamu ya msumeno. Saimi Vuopio, jirani yake, mjane mwenye ulimi kama wembe, alicheka.

"Hatuna paa, wewe unataka sakafu."

"Paa litakuja, Saimi," Vieno akasema. "Lakini nikingoja mpaka nyumba iishe, nitakuwa nimesahau kucheka, na nyumba ya mtu asiyecheka nitaifanyia nini?"

Waliijenga juu ya kilima palipokuwa na ukumbi wa vijana, kwa mbao zilizookotwa mtoni. Oiva alichoma ardhi siku mbili kabla ya kutamka kuwa pasafi. Kiangazi chote, kila Jumapili baada ya ibada, watu walifika kwa mashua kutoka ng'ambo na vijiji vya juu. Eevertti Marttila, aliyepoteza jicho moja vitani, alipiga kodiani. Watu sitini walicheza polka na wolzi juu ya kilima kile, huku wakiyaona mabomba ya moshi ya nyumba zao chini yao. Vieno alikuwa na desturi ya kutangulia kuja kufagia kabla ya wengine. Alisema mtu asiyefagia mahali pa furaha yake hastahili kufurahi.

Jumapili ya tarehe 15 Juni 1947 ilikuwa siku ya dansi ya kwanza mwaka huo. Barafu ya mto ilikuwa imeondoka wiki tatu nyuma, na ardhi ilikuwa ikiendelea kuyeyuka. Vieno alikuwa na mimba ya miezi saba. Oiva alikuwa ng'ambo kumchunguzia mtu shamba la viazi. Vieno alipofika na fagio lake, alimkuta Eevertti ameshaketi kwenye benchi lake kwenye pembe ya sakafu, akifungua mikanda ya kodiani.

Vieno alianza kufagia upande wa pili. Fagio likakwama. Ubao mmoja, ambao mwaka uliotangulia ulikuwa sawa na wenzake, sasa ulikuwa umeinuka kwa upana wa kidole. Alijua jalidi, ile barafu ya ndani ya udongo, huinua mawe kutoka ardhini kila mwaka, kila mkulima wa kaskazini anajua hilo. Akapiga magoti, tumbo lake likimzuia, akachungulia kwenye ufa. Chini hapakuwa na jiwe. Palikuwa na pembe ya sanduku la mbao, mraba, iliyolowa, na gogo la sakafu lilikuwa karibu kuligusa.

Huko mtoni mashua za kwanza zilikuwa zikifika. Alizisikia sauti za wasichana.

Baadaye alieleza kwamba jambo aliloliogopa zaidi ya sanduku lilikuwa ni mbio. Kijia cha kupanda kilimani kilikuwa chembamba, na pembeni mwake hapajachunguzwa. Kama angepiga kelele, watu sitini wangetawanyika kama kuku.

Akasimama. Akamwambia Eevertti kwa sauti ya kawaida, "Mzee Eevertti, inuka uje kwangu. Nyayo zako uziweke nilipoziweka mimi."

"Niinuke? Hapa nimeshapazoea, binti."

"Inuka polepole. Na usiburute benchi."

Yule mzee alimtazama kwa jicho lake moja, akaona uso wake, asiulize tena. Alifunga kodiani ili isitoe mlio, akaja hatua kwa hatua. Walipofika kwenye majani alinong'ona, "Nimekaa pale tangu asubuhi, mwanangu. Nimetafuna na mkate wangu pale."

"Utautafuna na mwingine," Vieno akasema. "Sasa tabasamu, watu wanapanda."

Alisimama katikati ya kijia, tumbo mbele, akaufunga mlima kwa mwili wake. Akawaambia dansi itachelewa, kwanza kuna kahawa nyumbani kwake, kahawa ya kweli. Katika mwaka ule kahawa ya kweli ilikuwa nadra kuliko dhahabu. Robo kilo aliyokuwa nayo ilitoka kwa wenyeji wao wa Uswidi, naye aliiweka kwa ajili ya ubatizo wa mtoto.

"Kahawa ya ubatizo kabla ya mtoto?" Saimi akauliza. "Vieno, wewe umeharibikiwa na jua."

"Nimeharibikiwa. Geuka, utangulie."

Waligeuka. Walishuka mmoja nyuma ya mwingine, wakitaniana, wakakaa uani kwa Alatörmä na kunywa kahawa mpaka tone la mwisho. Vieno aliwamiminia wote mwenyewe. Oiva aliporudi, Vieno akamvuta kando na kumwambia maneno manne. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimwona mumewe akigeuka mweupe.

Oiva aliyatoa masanduku matatu chini ya sakafu ile. Jalidi lilikuwa limeyapandisha kutoka kwenye kina ambacho fimbo yake haikufika. Kiangazi kizima watu walikuwa wamecheza juu yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko siku yenyewe. Habari zilipoenea, kijiji kilinyamaza. Kama ardhi iliyotamkwa safi haikuwa safi, basi hakuna kijia, hakuna kisima, hakuna tuta la viazi la kuaminika. Familia mbili zilianza kufunga mizigo. Wanawake walitazama miguu yao wakitembea. Oiva hakula. Alhamisi alimwonyesha mkewe barua aliyoandika kwenda kiwanda cha mbao nchini Uswidi, kuomba kazi.

"Irekebishe mwandiko," akamwambia, "halafu tuondoke kabla mtoto hajazaliwa."

Vieno aliisoma, akaiweka mezani. "Mwandiko hauna kosa."

"Nilisema pasafi, Vieno. Watu sitini walicheza kwa neno langu."

"Walicheza, wakafurahi, wakarudi makwao."

"Kwa bahati."

"Kila aliye hai kijijini hapa yu hai kwa bahati. Hata wewe." Akakaa, maana mgongo ulikuwa ukimuuma. "Mama yangu yuko katika ardhi ya watu, nami sikumwachia hata ua. Lyyli yuko katika ardhi hii. Sitaki mwanangu aanze kutembea mahali ambapo tumealikwa tu. Chukua fimbo yako, mume wangu. Anza upya."

Alianza upya. Sakafu iling'olewa, na kwa siku nne Oiva alichimba kilima kile kwa kina cha mkono mzima, mpaka kwenye changarawe. Hakupata kitu kingine. Mbao zikarudishwa. Lakini hakutamka tena kuwa pasafi, na hakuna aliyemuuliza.

Jumanne ya tarehe 24 Juni ilikuwa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Watu walikuja, kwa sababu Juhannus haiachwi, ila walisimama nje ya uzio, hakuna aliyekanyaga ubao. Eevertti alisema wazi kwamba atapiga kodiani, lakini atapigia uziani. Vieno alipanda na kufagia sakafu yote, pembe hadi pembe. Alipomaliza aliliegemeza fagio, akamnyooshea mumewe mkono.

"Njoo."

"Na hali yako hiyo?" Oiva akauliza.

"Hali yangu hii ndiyo iliyonichosha kusimama. Njoo."

Walicheza wolzi moja wakiwa peke yao, kijiji kizima kikitazama miguu yao na si nyuso zao. Muziki ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Wakacheza wa pili. Marehemu aliwahi kuiambia familia kwamba katika nyimbo hizo mbili hakuona raha yoyote. Alikuwa akisikiliza kila ubao, na alihisi moyo wa Oiva ukigonga kupitia koti. Walianza wa tatu. Katikati yake Saimi Vuopio alipita uzio, akamshika mkono mzee wa kwanza aliyemkuta, akapanda.

"Sogeeni huko," akasema. "Na tumbo hilo mmemaliza nafasi yote."

Hapo Vieno alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha kwenye cheti cha shule, nacho kilisikika mpaka mtoni. Wengine wakapanda. Familia zile mbili zilifungua mizigo yao kabla ya wiki kwisha, na barua ya kiwanda haikutumwa.

Raili alizaliwa tarehe 9 Agosti 1947, na katika ubatizo wake wageni walikunywa kahawa ya mizizi iliyokaangwa, bila malalamiko. Esko alifuata mwaka 1950, na Marketta mwaka 1954.

Kuanzia mwaka 1949 hadi alipostaafu mwaka 1981, marehemu alikuwa mpeleka barua wa Hirviniva na vijiji viwili vya juu, kwa skii wakati wa baridi, kwa baiskeli kiangazi. Alijua kila njia na historia yake. Ardhi haikuacha kutoa ilichofichiwa: mwaka 1953 bomu lililomuua ng'ombe wa Marttila, mwaka 1962 sanduku katika viazi vya Saimi, mwaka 1973 kombora katika msingi wa shule mpya. Kila mara hofu ilirudi kama mgeni mwenye ufunguo wake. Na kila mara, Jumapili iliyofuata, Vieno alionekana akipanda kilimani na fagio. Oiva alifariki tarehe 30 Aprili 1983, kitandani mwake, kwa maradhi ya kawaida. Vieno alimfumba macho na kusema, "Tazama, umekufa kitandani. Tumewashinda." Ndilo neno pekee la kivita ambalo watoto wake walilisikia kinywani mwake.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 1994. Kuanzia Agosti mwaka huu alikuwa akiingia na kutoka hospitalini Rovaniemi, na wiki za mwisho hakutoka tena. Siku moja ya Oktoba muuguzi kijana, akimchana nywele, alimuuliza ni miaka ipi katika maisha yake iliyokuwa na furaha kuliko yote. Raili alikuwepo, akatarajia kusikia juu ya wajukuu.

"Ile ya baada ya vita," Vieno akajibu.

"Bibi, lakini si mlikuwa mnaogopa kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Ndiyo maana. Jioni tuliketi mezani kwenye lile handaki letu, viazi na chumvi, nami niliwatazama mmoja mmoja. Baba yupo. Oiva yupo. Mtoto yupo. Basi, siku hiyo nilikuwa tajiri. Baadaye tulipata nyumba, tukapata umeme, tukapata televisheni, nikasahau kuwatazama." Akamgeukia muuguzi. "Na wewe, nyumbani kwenu mko wangapi?"

"Watatu," muuguzi akasema.

"Wapigie simu leo."

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 2 Novemba 1999, saa nane mchana, watoto wake wote watatu wakiwa wameshika ama mkono ama mguu wake, maana mikono ni miwili tu. Alikuwa amefumbua macho muda mfupi kabla, akawapitia kwa macho mmoja baada ya mwingine, kisha akayafumba mwenyewe.

Vieno ametanguliwa na wazazi wake Antti na Kreeta, mdogo wake Lyyli, na mumewe Oiva. Ameacha binti yake Raili na mkwewe Tauno. Mwanawe Esko na mkwewe Inkeri. Binti yake Marketta. Wajukuu Jouni, Sari, Petri, Outi na Mika. Na vitukuu wawili, Aleksi na Iida, ambao wako hapa leo, mstari wa mbele, na wote wazima.

Udongo huu umpokee kwa upole, na ndani yake apumzike kwa amani.